Ugali Hauna Kesi ya Kujibu

Neno dayati, ambalo limeingia katika Kiswahili cha mazungumzo kupitia Kiingereza, lina asili ya Kigiriki, na katika lugha hiyo ya kale lilimaanisha namna mtu anavyoishi kwa ujumla: usingizi wake, kazi zake, matembezi yake na chakula chake. Maana hiyo pana ilisinyaa kadiri neno lilivyosafiri, hata leo mtu anaposema kwamba yupo kwenye dayati wasikilizaji wake huelewa jambo moja tu, kwamba anajinyima chakula fulani ili apungue mwili. Makala hii inahusu kusinyaa huko, hasa kile ambacho kujinyima kwa msimu humfanyia mtu, mwilini na akilini, na namna ambavyo mtu aliyekwisha kugombana na sahani yake anaweza kupatana nayo.

Wataalamu wa lishe na wa saikolojia hutumia istilahi ya utamaduni wa dayati kutaja mfumo mzima wa imani, desturi na biashara unaomfundisha mtu kuuona wembamba kuwa uthibitisho wa afya na wa tabia njema kwa wakati mmoja, unaovigawa vyakula katika kundi la visafi na kundi la vyenye hatia, na unaoifanya njaa ionekane kuwa adui wa kushindwa ilhali ni taarifa ya mwili kuhusu mahitaji yake. Tofauti kati ya mfumo huo na ushauri wa kawaida wa lishe haionekani kwa haraka, kwa kuwa pande zote mbili huzungumzia mboga, sukari na mafuta. Hujitokeza pale mtu anapokula kipande cha chapati na kujiona ametenda kosa linalopaswa kulipiwa, ama kwa kushinda na njaa kesho yake ama kwa kukimbia mpaka ahisi amesamehewa. Ushauri wa lishe hauna habari na toba ya namna hiyo.

Hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba unene si suala la afya katika Afrika Mashariki. Tafiti za kitaifa za demografia na afya nchini Tanzania zinaonyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, ambalo ni neno la wataalamu kwa unene uliokithiri, waliongezeka kutoka asilimia 18 mwaka 2004–05 hadi asilimia 28 mwaka 2015–16, na utafiti kama huo uliofanyika Kenya mwaka 2022 ulipata asilimia 45. Kisukari na shinikizo la damu si maradhi ya kubuni. Linalobishaniwa ni jambo jingine: kama dawa inayouzwa kwa bidii kubwa, yaani kujinyima kwa masharti makali kwa wiki kadhaa, inatibu hicho inachodai kutibu.

Dawa hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1863 msimamizi wa mazishi mmoja wa London, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, na kijitabu hicho kilienea kiasi kwamba jina lake liligeuka kitenzi cha Kiingereza; Waswidi hadi leo husema banta wakimaanisha kupunguza uzito. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Lulu Hunt Peters, aliwafundisha wasomaji wake kuhesabu kalori, yaani kipimo cha nishati iliyomo katika chakula, hata wasione tena kipande cha mkate bali waone kalori 100 za mkate. Aliandika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaunganisha kujinyima na uzalendo, na kuanzia hapo mtu mnene akawa na kesi mbili: ya mwili na ya maadili. Mafundisho ya Banting yalifufuliwa Afrika Kusini mwaka 2013 na kitabu cha Tim Noakes na wenzake kiitwacho The Real Meal Revolution, na mafundisho ya aina hiyo yanasikika leo Dar es Salaam na Nairobi kwa jina la kukata wanga, mara nyingi kana kwamba yamegunduliwa juzi.

Kipimo kinachotumika kuamua nani amezidi nacho kina hadithi yake. Uwiano wa uzito na urefu, unaopatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ulibuniwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanahisabati na mwanaastronomia, si daktari, na ambaye alitaka kueleza umbo la mtu wa wastani katika jamii nzima na hakuwa akitafuta ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Mtu mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60 hupata takriban 27.3, na kwa kuwa mstari umechorwa kwenye 25, anaambiwa amezidi. Mstari huo wenyewe umewahi kusogezwa: mwaka 1998 Marekani iliushusha kutoka takriban 27 hadi 25, na watu zaidi ya milioni 25 waliolala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka wamezidi bila kuongeza hata gramu moja. Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta, wala hakionyeshi mafuta yamekaa wapi, jambo ambalo kwa moyo na kwa kisukari lina uzito kuliko jumla ya kilo. Kinafaa kwa kuchunguza taifa. Kwa kumhukumu mtu peke yake ni shahidi dhaifu.

Aliyekipa kipimo hicho jina kinalojulikana nalo leo, yaani BMI, mwaka 1972, ni mwanafiziolojia wa Marekani Ancel Keys, baada ya kulinganisha takwimu za wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wanaume watupu. Cha ajabu ni kwamba Keys huyohuyo, karibu miaka 30 kabla, ndiye aliyefanya jaribio linaloeleza vizuri kuliko jingine lolote kwa nini watu wanaojinyima hushindwa, ingawa hakuwa akifikiria dayati hata kidogo.

Jaribio hilo lilianza Novemba 1944 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, katika vyumba vilivyo chini ya uwanja wa michezo wa chuo. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaelekea mwisho, mamilioni ya watu Ulaya walikuwa wamekondeana kwa njaa, na hakuna aliyejua kwa uhakika namna ya kumlisha mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu. Wanaume 36, vijana wenye afya ambao dhamiri zao ziliwakataza kushika silaha, walijitolea. Kwa wiki 12 walikula kawaida, takriban kalori 3,200 kwa siku. Kisha kwa wiki 24 wakapewa wastani wa kalori 1,570 hivi, katika milo miwili ya viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki, mpaka wapoteze karibu robo ya uzito wao. Msomaji aliyewahi kupewa karatasi ya mlo wa kupunguza uzito asimame hapa kidogo alinganishe namba, kwa sababu kalori 1,200 kwa siku, ambazo hutolewa kwa watu wengi leo kama mpango wa kawaida wa kupungua, ni chache kuliko zile ambazo Keys aliziita njaa.

Kwamba walikonda, walihisi baridi wakati wa joto na mapigo ya mioyo yao yakawa ya polepole, si jambo la kushangaza, kwani mwili usiopata chakula cha kutosha hupunguza matumizi kama kaya inavyozima taa. Kilichowashangaza watafiti ni yale yaliyotokea akilini. Vijana waliokuwa na hamu ya siasa, dini na masomo waliacha kuyazungumzia. Mazungumzo yao yakawa ni chakula, na ndoto zao zikawa ni chakula. Baadhi yao walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Walilamba sahani, walirefusha mlo mdogo kwa saa nzima kwa kuuchanganya na maji, walitafuna ubani na kunywa kahawa kupita kiasi mpaka ikabidi wawekewe mipaka. Hasira, huzuni na kujitenga viliingia, hamu ya mapenzi ikatoweka, na wachache walivunja masharti wakala kwa siri, kisha wakateswa na majuto. Hao hawakuwa watu dhaifu: walikuwa wamechujwa kutoka kundi kubwa zaidi kwa sababu ya uthabiti wao wa mwili na wa akili. Njaa ndiyo iliyowafanya hivyo.

Kipindi cha kurudishiwa chakula kilipofika, wengi hawakuweza kushiba. Walikula mpaka matumbo yakauma na bado wakasema wana njaa, na kwa baadhi yao hali hiyo iliendelea kwa miezi. Uzito wao ulirudi, ukapita kidogo ule wa mwanzo, mafuta yakitangulia kurudi na misuli ikifuata nyuma, kisha baada ya muda ukatulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1950 katika juzuu mbili nene ziitwazo The Biology of Human Starvation, na yeyote anayezisoma leo hawezi kukosa kumtambua ndani yake jirani yake aliyejinyima kwa miezi miwili kabla ya harusi, akawa mkali kwa watoto, akatazama video za mapishi usiku kucha, na baada ya harusi akanenepa kuliko alivyokuwa. Jirani huyo aliambiwa, na akaamini, kwamba amekosa nidhamu.

Maelezo ya kisaikolojia yalifuata mwaka 1975, pale watafiti Peter Herman na Deborah Mack walipowapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu kimoja cha Marekani maziwa mazito yenye sukari kisha wakawaacha waonje aiskrimu kadiri wapendavyo. Wale wasiokuwa na desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo zaidi baada ya kunywa maziwa, kama inavyotarajiwa kwa mtu ambaye tumbo lake limeshapata kitu. Wale waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume: baada ya kunywa maziwa wakala aiskrimu nyingi zaidi. Kiswahili kina maneno kamili ya hali hiyo, nayo ni liwalo na liwe, kwa maana kwamba sharti likishavunjwa kwa kijiko kimoja, siku nzima imeharibika na hakuna sababu ya kujizuia mpaka Jumatatu. Anayekula bila sharti hana cha kuvunja, kwa hiyo huacha anaposhiba.

Kwa upande wa mwili, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia washiriki 14 wa mashindano ya televisheni ya Marekani yaitwayo The Biggest Loser, waliopoteza wastani wa kilo 58 kila mmoja kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Baada ya miaka sita walikuwa wamerudisha wastani wa kilo 41. Zaidi ya hapo, umetaboli wao wakati wa mapumziko, yaani nishati ambayo mwili huitumia ukiwa umetulia, ulikuwa pungufu kwa takriban kalori 500 kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umbo kama lao. Leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa bado iko chini. Miili yao iliendelea kubana matumizi miaka mingi baada ya kamera kuzimwa. Hao ni watu waliofika mbali kupita kiasi na si kila anayepunguza uzito hupatwa na hali kubwa hivyo, lakini mwelekeo ni uleule katika tafiti nyingi za muda mrefu: uzito hupungua katika miezi ya mwanzo, kisha kwa walio wengi hurudi.

Kuna hoja inayopendwa na baadhi ya waandishi, kwamba utamaduni wa dayati ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba Mwafrika, ambaye kwao unene ni sifa, amesalimika. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba katika pwani ya Waswahili, kama katika sehemu nyingi za bara, kumwambia mtu amenawiri kulikuwa ni kumpongeza yeye pamoja na anayemtunza, na kwamba kukonda kulileta maswali. Katika miaka ya 1980 UKIMWI ulipoingia Uganda watu waliuita Slim, yaani wembamba, na kwa muda mrefu baada ya hapo mtu aliyepungua ghafla katika ukanda huu alitazamwa kwa jicho la shaka. Lakini kusifu unene si uhuru. Ni mizani ileile iliyogeuzwa upande wa pili, na msichana mwembamba wa kuzaliwa aliyekuwa akisimangwa kwamba hana umbo hakuwa na raha kuliko mnene wa leo anayesimangwa kwa kitambi. Sasa amri zote mbili zinatolewa kwa pamoja, kwani mwanamke anatakiwa awe na tumbo bapa na nyonga pana, lile liitwalo umbo namba nane, na si ajabu kumkuta muuzaji mmoja akiuza majani ya chai ya kupunguza tumbo na vidonge vya kuongeza makalio katika meza moja.

Mfano wa Fiji unaonyesha jinsi ngao ya utamaduni ilivyo nyembamba. Katika visiwa hivyo vya bahari ya Pasifiki mwili mnene na ulaji wa kuridhika vilithaminiwa, na mgeni alihimizwa ale ashibe, kama ilivyo Unguja au Lamu. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995, na mtafiti wa Marekani Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baadaye, kisha akahoji kundi jingine la umri huohuo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili adhibiti uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3, na asilimia 74 walisema kuna nyakati hujiona wanene mno. Yalikuwa makundi madogo, ya wasichana 60 na kidogo kila moja, lakini miaka mitatu ni muda mfupi wa kubadilisha jambo lililodumu vizazi. Kijana wa Mombasa au Mwanza leo hana televisheni moja ya familia sebuleni. Ana simu yake mwenyewe mfukoni.

Katika mazingira haya ndipo ugali ulipopandishwa kizimbani. Wanga ni kundi la virutubisho ambavyo tumbo huvivunja kuwa glukosi, sukari ndogo inayotumiwa na misuli na hasa ubongo, na chakula kikuu cha karibu kila jamii duniani, kiwe ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi au mkate, kimejengwa juu yake. Shutuma kwamba ugali ndio unaonenepesha haielezi kwa nini mababu waliolima kwa jembe la mkono na kuula mara mbili kwa siku hawakuwa na kitambi. Kilichobadilika ni mengi yaliyouzunguka: kazi ya kukaa, soda, mafuta mengi ya kukaangia, usingizi mfupi, na unga wenyewe. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, hubaki na kiini na pumba zenye nyuzinyuzi na vitamini, wakati sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya hivyo. Mahindi peke yake yana upungufu wa laisini, kimojawapo cha viini vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yana laisini ya kutosha; mpishi wa ugali kwa maharage alitatua tatizo hilo kabla maabara hazijalipa jina. Ikiwa sahani ya Mtanzania wa kawaida ina kasoro, basi mara nyingi ni mlima wa ugali wenye kijiko cha mchicha pembeni, na kasoro hiyo hutibiwa kwa kuongeza mchicha, dagaa, mbaazi na tunda. Anayeongeza mboga mlima utapungua wenyewe. Anayeanza kwa kuufuta mlima, hasa kama hana fedha za kununua nyama, mayai na parachichi zinazopendekezwa badala yake, atabaki na njaa, na njaa hiyo mwisho wake umekwisha kuelezwa.

Njia ya kutoka ilipewa jina la kula kwa kuusikiliza mwili na wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, katika kitabu chao Intuitive Eating cha mwaka 1995, chenye misingi 10 inayoanza na kukataa fikra za dayati, ikaendelea na kuiheshimu njaa, kufanya amani na chakula, kuitambua shibe, na kutafuta njia nyingine za kutuliza huzuni na uchovu mbali na kula. Tafiti zinaihusisha namna hiyo ya kula na utulivu zaidi wa akili na upungufu wa ulaji wa kufululiza. Haiahidi kupunguza kilo, na anayeichukua kama dayati mpya hajaielewa.

Kiswahili kina vifaa vya kuieleza vilivyo bora kuliko lugha ilimoandikwa. Njaa ni haja ya mwili, hamu ni kutamani kitu maalumu, uchu ni hamu iliyokandamizwa mpaka ikawa kali, na ulafi ni kula kupita haja bila kujali wengine. Utamaduni wa dayati huyaita yote manne ulafi, na hapo mtu hupoteza uwezo wa kujua anachohisi. Kwa upande wa pili shibe si kuvimbiwa, na zote mbili si kukinai, neno lenye maana ambayo watafiti wa hamu ya chakula walihitaji istilahi ndefu kuieleza: kwamba ladha ya chakula kimoja hupoteza mvuto kadiri kinavyoliwa, hata kama tumbo lina nafasi. Mtu hukinai pilau akiila siku tatu mfululizo. Aliyekatazwa pilau hapati nafasi ya kuikinai, hivyo kila anapoiona inakuwa kama mara ya kwanza. Hii ndiyo sababu ya kile kinachowatisha wengi katika ushauri wa kuruhusu vyakula vyote: wanadhani wataula mkate wa nazi milele. Wiki za mwanzo huenda wakala mwingi kweli. Kisha mkate huwa mkate.

Watoto hawana haja ya kufundishwa haya, ila huhitaji wasisahaulishwe. Majaribio ya mwaka 1999 ya Jennifer Fisher na Leann Birch yaliwaonyesha watoto wa shule ya awali chakula fulani na kuwazuia wasikipate kwa uhuru. Walikizungumzia na kukitaka kuliko chakula kilekile kisipozuiwa. Kumlazimisha mtoto amalize sahani nako humfundisha kwamba anayejua shibe yake ni mtu mwingine. Kula sinia moja pamoja, panapowezekana, bado ni shule nzuri: mtoto huona wakubwa wakila polepole, wakinyoosha mkono na kuuacha, na hakuna anayeutaja mwili wa mtu. Simulizi za nani amenenepa na nani amekonda zinaweza kungoja, au zisije kabisa.

Mambo matatu hayana budi kuwekewa mpaka. La kwanza, mgonjwa wa kisukari, wa figo au mwenye mzio anayefuata maelekezo ya daktari hafuati utamaduni wa dayati, kwa kuwa masharti yake yana sababu inayopimika na hayamhukumu utu wake. La pili, saumu ya Ramadhani, au ya Kwaresima kwa Wakristo, ni ibada yenye mwanzo, mwisho, nia na jamaa wa kufuturu nao, na sheria yake yenyewe humwondolea mgonjwa wajibu. Inaharibika pale inapogeuzwa mwezi wa kupungua, daku ikarukwa makusudi na tende zikahesabiwa kalori. La tatu ni umaskini. Ushauri wa kula njaa inapobisha hodi uliandikwa kwa wenye jokofu lililojaa, na haumfai kama ulivyo kondakta wa daladala ambaye mlo wake wa kwanza ni wa saa tisa alasiri. Kwake hatua ya kwanza ni ya ratiba: kitu cha asubuhi, hata kiporo cha mihogo na chai, ili jioni asifike mezani akiwa kama wale vijana wa Minnesota.

Kuna hali zinazozidi uwezo wa makala. Anoreksia, ambapo mtu hujinyima mpaka kuhatarisha maisha huku akijiona bado mnene, na bulimia, ambapo hula kwa kufululiza kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha, ni maradhi halisi yanayoweza kuua, na huwapata pia wavulana na watu wasioonekana wembamba. Hedhi inayokoma, kuzimia, kwenda chooni kila baada ya kula na kukwepa kula mbele ya watu ni dalili za kumpeleka mhusika hospitalini kwa daktari wa afya ya akili, bila kumzomea na bila kungoja akonde vya kutosha.

Wengine, ambao ni wengi zaidi, wanahitaji muda. Mwaka 2003 na 2004 watafiti waliwahoji wanaume 18 kati ya wale 36 wa Minnesota, wakiwa sasa wazee, na kuwauliza iliwachukua muda gani baada ya jaribio kuhisi wamerudi kuwa watu wa kawaida. Majibu yalianzia miezi miwili hadi miaka miwili. Walikuwa wamekaa na njaa kwa wiki 24 tu.